Aliye kileleni ni Tenzing, si Hillary

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nirekebishe maelezo ya picha moja. Kwenye ukurasa wenu wa historia ya upandaji milima mmechapisha ile picha mashuhuri ya mtu aliyesimama juu ya theluji, ameinua shoka la barafu lililofungwa bendera, na chini yake mkaandika kwamba ni Edmund Hillary akiwa kwenye kilele cha Everest mwaka 1953. Siye. Huyo ni Tenzing Norgay. Hillary ndiye aliyeshika kamera. Picha ya Hillary akiwa kileleni siku ile haipo, kwa sababu haikupigwa.

Si ninyi wa kwanza kukosea. Mtu wa pichani amevaa barakoa ya oksijeni na miwani ya theluji, kofia ya koti imemfunika kichwa, uso hauonekani. Mhariri wa picha akikosa uso hutafuta jina, na jina linalomjia upesi ni la yule anayejulikana zaidi. Ndivyo mtu aliyefika anavyogeuka kivuli cha mwenzake ndani ya picha yake mwenyewe. Na kwa kuwa makala yenu ilimtaja Tenzing kama "sherpa wa Hillary", niongeze kwamba Washerpa ni kabila, si cheo cha kazi. Katika msafara ule Tenzing alikuwa sirdar, yaani mkuu wa wapagazi, na pia mpanda mlima kamili wa kikosi. Mwaka mmoja kabla, Mei 1952, yeye na Mswisi Raymond Lambert walikuwa wamefika karibu mita 8,600 kwenye mlima huohuo. Skafu nyekundu aliyovaa siku ya kilele ilikuwa zawadi ya Lambert.

Picha za msafara wa 1953 zinazochanganywa magazetini ni hasa tatu, na kuzitofautisha hakuhitaji utaalamu. Ukiona mtu mmoja, bendera kwenye shoka, na nyuma yake hakuna kitu ila anga, hiyo ni ya kileleni tarehe 29 Mei: Tenzing, aliyepiga ni Hillary. Ukiona watu wawili wamefungana kamba, wamebeba mizigo mikubwa, na mlima bado unapanda, hiyo ni ya siku moja kabla, 28 Mei, kwenye ukingo wa kusini-mashariki, takribani mita 8,300. Hiyo aliipiga Alfred Gregory, mpiga picha wa msafara, aliyekuwa akisaidia kupeleka mizigo kwenye kambi ya mwisho pamoja na George Lowe na Ang Nyima. Na ukiona wanaume wawili wanatabasamu na vikombe vya chai mkononi, hapo wameshashuka, wako kwenye bonde la barafu la Western Cwm. Mara nyingi picha ya pili au ya tatu huchapishwa kwa maelezo ya kwamba "wawili hao wakiwa kileleni". Hakuna picha inayowaonyesha wote wawili kileleni, na haikuwezekana iwepo: walikuwa wawili tu, kamera moja, na hakuna aliyepanda na stendi.

Sasa kwa nini Tenzing hakumpiga Hillary? Swali hili huulizwa kama udaku, lakini ili kulijibu inabidi kwanza kuijua kamera yenyewe.

Ilikuwa Kodak Retina Type 118, kamera ndogo ya kukunja iliyotengenezwa Stuttgart, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1930. Hillary aliinunua ikiwa imeshatumika. Ilikuwa imezidi miaka 15 ilipopanda Everest. Ina lenzi ya milimita 50 yenye mwanya (tundu la kupitishia mwanga; namba ikipungua tundu linakuwa kubwa) unaofunguka hadi f/3.5, shata ya Compur (kilango kinachoruhusu mwanga kwa muda mfupi tu), na filamu ya milimita 35. Haina betri wala kipima mwanga. Haina hata kifaa cha kukuambia kama umelenga umbali sawasawa: unakadiria kwa macho, kisha unazungusha pete hadi kwenye namba. Kwa safari ya aina ile huo ulikuwa uchaguzi mzuri. Inakunjika ikawa bapa, inaingia kifuani, na kila kitu ndani yake ni chuma na springi.

Kuitumia ndiyo kazi. Unabonyeza kitufe, mlango wa mbele unaanguka na lenzi inatoka na mfuko wake wa ngozi. Unaweka umbali, unaweka mwanya, unaweka kasi. Kisha unakoki shata, yaani unakaza springi yake, kwa kiwiko kidogo kilicho kwenye lenzi yenyewe. Unatazama kwenye kitundu kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati, unafyatua. Halafu unavuta filamu kwa kuzungusha kirungu cha juu. Kumbuka kwamba kukoki na kuvuta filamu ni mambo mawili tofauti kwenye modeli hii. Ukisahau kukoki, hakuna kinachotokea na unabaki unashangaa. Ukisahau kuvuta, picha ya pili inaingia juu ya ile ya kwanza, na kamera haikuzuii. Na ukimaliza huwezi kuifunga mpaka urudishe umbali kwenye alama ya mwisho. Ukilazimisha mlango, unapinda mikono inayoshikilia lenzi, na tangu hapo upande mmoja wa kila picha utakuwa na ukungu.

Hayo yote ni rahisi ukiwa umekaa kwenye kiti. Hillary alikuwa na glovu za tabaka tatu: hariri, sufu, na za juu za kuzuia upepo. Yeye mwenyewe aliandika kwamba ilikuwa vigumu kuituliza kamera, maana mikono ilikuwa mizito kwa zile glovu. Alibana filta ya kuzuia mionzi ya urujuanimno, akabana na kinga ya jua mbele ya lenzi, akashuka kidogo ukingoni ili kilele chote kiingie kwenye kitundu cha kutazamia. Kushuka huko kidogo ndiko kulikoifanya picha. Kwa sababu hiyo Tenzing yuko juu ya mpigaji, mwili wake umechorwa dhidi ya anga, na theluji chini ya viatu vyake inaonyesha mteremko. Angepigwa kutoka usawa uleule, nyuma yake ingeonekana milima mingine na mtu angeuliza kama kweli hapo ndipo juu kabisa.

Baridi ilikuwa na mengi ya kusema pia. Saa 10 alfajiri kwenye kambi ya mwisho, karibu mita 8,500, kipimajoto kilisoma nyuzi 27 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Viatu vya Hillary vilikuwa vimeganda kama mbao, ikabidi avioke juu ya jiko la mafuta ndipo avivae. Katika baridi ya namna hiyo mafuta ya ndani ya shata yanakuwa mazito kama asali. Kasi za polepole ndizo zinazoharibika kwanza: unaweka nusu sekunde, shata inakaa wazi sekunde mbili, au inakwama katikati. Filamu nayo inakauka na kuwa ngumu, ukiivuta kwa nguvu inakatika kwenye matundu ya pembeni. Na hewa ikiwa kavu kiasi kile, filamu ikisuguana na chuma inazalisha umeme tuli, vicheche vidogo vinavyoacha michirizi kama mizizi ya mti kwenye picha. Dawa ni kuvuta polepole. Mtu anayetetemeka kwa baridi hapendi kusikia neno hilo.

Kwa hiyo Hillary alibeba kamera ndani ya shati, karibu na ngozi, tangu kambini. Ndiyo njia bora kwa kamera isiyo na betri, lakini nayo ina mtego wake. Mwili wa mtu anayepanda unatoa jasho, mvuke unaingia kwenye kamera, na kamera ikitolewa ghafla kwenye upepo wa baridi mvuke huo unaweza kuganda juu ya kioo. Ukikuta ukungu kwenye lenzi ukiwa huko, usipulizie, pumzi yako itaganda pia. Futa kwa kitambaa kikavu, mara moja. Kosa kubwa zaidi hutokea wakati wa kurudi: kamera iliyopoa ikiingizwa kwenye hema lenye joto na mvuke wa chai, inatokwa jasho nje na ndani. Inatakiwa ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa kabla ya kuingia, iachwe humo mpaka ipate joto la humo ndani.

Kuhusu filamu yenyewe. Ilikuwa ya rangi, Kodachrome, ambayo wakati huo wepesi wake wa kunasa mwanga ulikuwa ASA 10 tu. Anayepiga kwa simu leo hawezi kuelewa ufinyu wa namba hiyo mpaka afanye hesabu. Kanuni ya zamani inasema jua likiwaka wazi, weka mwanya f/16, na kasi iwe sekunde moja gawanya kwa namba ya ASA. Kwa ASA 10 unapata sehemu ya kumi ya sekunde, kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuituliza hata bila glovu. Ukifungua mwanya hatua tatu hadi f/5.6 (kila hatua huongeza mwanga maradufu), unapanda hadi kama 1/80, na iliyo karibu kwenye shata ni 1/100. Theluji ikiwa pande zote inaongeza mwanga, kwa hiyo unafunga hatua moja: f/8 kwa 1/100. Hapo ndipo hesabu inapomfikisha mtu mwenye filamu ile mahali pale. Kwa lenzi ya milimita 50 na f/8, ukiweka umbali mita 5, kila kitu kuanzia kama mita 3 na nusu hadi mita 9 na nusu kitakuwa na makali ya kuridhisha. Ndiyo maana kukadiria umbali kwa macho hakukuwa hatari kama kunavyosikika.

Hatari ilikuwa kwenye kiasi cha mwanga. Filamu ya slaidi kama hiyo, inayotoa picha yenyewe bila negativu, haina huruma. Negativu ya nyeusi na nyeupe ukikosea hatua mbili bado utapata picha, lakini Kodachrome ukikosea hatua moja kwa kuzidisha, theluji inakuwa kioo kitupu kisicho na alama, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kipima mwanga kingemdanganya mtu kwa njia nyingine: ukikielekeza kwenye theluji, kinadhani theluji ni kijivu, kinakuambia upunguze mwanga, na unarudi nyumbani na mlima wenye rangi ya saruji na mtu mweusi tii. Mpigaji mzuri hupima kiganja cha glovu yake au nguo ya mwenzake, au anatumia kanuni na kuacha kipima mwanga mfukoni.

Kuna jambo la mwanga ambalo halisemwi mara nyingi. Saa 5:30 asubuhi, mwishoni mwa Mei, kwenye latitudo ya digrii 28 kaskazini, jua liko karibu utosini. Kwa kawaida huo ni wakati mbaya kabisa wa kupiga mtu: paji la uso linang'aa, macho yanakuwa mashimo. Lakini theluji chini ya miguu inarudisha mwanga juu na kujaza vivuli. Angalia picha tena uone sehemu ya chini ya barakoa na kifua cha Tenzing, hazijazama gizani kama ilivyotarajiwa. Anga nalo ni bluu nzito inayokaribia weusi, si kwa sababu mtu ameichezea. Pale juu kanieneo ya hewa ni kama theluthi moja ya ile ya pwani, hewa ya kutawanya mwanga ni kidogo, anga linakuwa jeusi jeusi. Magazeti mengi huichapisha picha hii yakiwa yamelifanya anga jepesi ili wino usilowanishe karatasi. Msilifanye hivyo.

Turudi kwenye dakika zile. Walifika saa 5:30 asubuhi na kukaa kama dakika 15. Hillary alifunga oksijeni na kuvua mtambo wake ili afanye kazi ya kamera. Ukiwa na barakoa usoni, jicho halifiki kwenye kitundu, na pumzi inayotoka pembeni inaganda kwenye kioo. Tangu alipoivua, saa za aina mbili zilikuwa zinahesabu kwa pamoja: ya kamera iliyokuwa inapoa mkononi, na ya ubongo uliokuwa unaishiwa hewa. Baada ya kama dakika 10 aliona vidole vyake vinakuwa vizembe na mwendo wake mzito, akarudisha oksijeni. Kazi yote ya picha ilifanyika ndani ya muda huo.

Katika muda huo Hillary hakuona nafasi ya kumfundisha mtu kamera. Aliandika baadaye kwamba kwa anavyojua Tenzing hakuwahi kupiga picha, na kilele cha Everest si mahali pa somo la kwanza. Tenzing kwa upande wake alisimulia kwamba alimwashiria Hillary ampige, naye akatikisa kichwa kukataa. Simulizi hizi mbili hazilingani, na watu wamezigeuza ugomvi. Ukishaijua Type 118 huoni ugomvi mkubwa. Kukoki, kuvuta, umbali, mwanya, kasi, kwa glovu tatu, kwa ishara za mikono, katika upepo: uwezekano wa kurudi na fremu iliyopigwa mara mbili juu ya ile ya Tenzing ulikuwa mkubwa. Kwa maoni yangu Hillary alifanya uamuzi wa mpiga picha, wa kulinda kilichokwisha kupatikana. Waliomwita mnyenyekevu na waliomwita mwenye dharau wote wanazungumzia tabia, wakati jibu liko kwenye mashine.

Na hakuitumia filamu iliyobaki ovyo. Alipiga chini pande zote: kuelekea mlima Makalu upande wa kusini-mashariki, na hasa upande wa kaskazini, kuelekea North Col, kipito cha juu kaskazini mwa mlima, na njia ya Tibet waliyoipitia Waingereza miaka ya 1920 na 1930. Hizo ndizo picha za ushahidi. Mtu mwenye barakoa na bendera anaweza kusimama juu ya kichuguu chochote cha theluji. Lakini kona ambayo kutoka hapo kingo zote za mlima zinateremka kuondoka kwako, na Tibet na Nepali zote ziko chini, iko moja tu. Mpimaji ramani akipewa picha hizo anaweza kukuambia kamera ilikuwa wapi. Vitu walivyoviacha, Tenzing akazika vyakula vitamu kama sadaka na Hillary msalaba mdogo aliopewa na kiongozi wao John Hunt, vilimezwa na theluji. Hata bendera hazithibitishi kitu zenyewe, ingawa zinasema msafara ulitaka kuonekana vipi: Umoja wa Mataifa, Uingereza, Nepali na India.

Umuhimu wa picha za pembeni unaonekana ukilinganisha na Frederick Cook. Alidai kupanda McKinley huko Alaska, mlima ambao pia huitwa Denali, mwaka 1906, na akatoa picha ya mwenzake ameshika bendera ya Marekani juu ya mwamba. Mwaka 1910 Belmore Browne na Herschel Parker wakaenda kuutafuta mwamba huo, wakaupata, wakaupiga picha. Uko karibu mita 1,600 juu ya bahari, na kilele halisi kina mita 6,190. Toleo lililochapishwa lilikuwa limekatwa pembeni, na iliposhikwa nakala isiyokatwa, mandhari ya pembeni ndiyo iliyozidi kumwumbua. Wahariri mnaokata picha ili iingie kwenye safu, hapo ndipo ushahidi unapobaki sakafuni.

Wachina nao mwaka 1960 walipatwa na tatizo tofauti. Wang Fuzhou, Qu Yinhua na Gonpo walifika kilele cha Everest kutoka kaskazini tarehe 25 Mei usiku, kabla hakujapambazuka, na kamera za wakati ule hazikuweza kitu gizani. Waliweza kupiga tu wakati wa kushuka kulipokucha. Hasa kwa sababu hiyo nchi za Magharibi ziliwatilia shaka kwa miaka mingi. Walipopanda tena mwaka 1975 waliacha kileleni stendi ya chuma ya upimaji, na Septemba mwaka huohuo Waingereza Doug Scott na Dougal Haston waliikuta. Safari hii ushahidi ulitoka kwenye macho na kamera za watu wengine.

Mwisho wa makala yenu mligusia George Mallory na Andrew Irvine, waliopotea Everest tarehe 8 Juni 1924 bila kujulikana kama walifika kileleni, mkasema kamera yao "ikipatikana, itafunguliwa na fumbo litakwisha". Neno "itafunguliwa" ndilo linalotisha. Inaaminika walibeba Vest Pocket Kodak waliyoazimwa na mwenzao Howard Somervell. Ni kamera ya kukunja yenye filamu namba 127, picha 8 tu za sentimita 4 kwa 6 na nusu, iliyoviringishwa pamoja na karatasi nyeusi ya nyuma. Mwili wa Mallory ulipatikana 1 Mei 1999 kwenye mita 8,155, bila kamera. Mwaka 2024 ukapatikana mguu unaoaminika kuwa wa Irvine, chini kwenye barafu ya Rongbuk, na huko pia hakukuwa na kamera.

Anayeiona asifungue, asivute filamu, asijaribu hata kukunjua lenzi. Aipige picha pale ilipolala, aiweke kwenye mfuko usiopitisha hewa na maji pamoja na theluji ya hapohapo kwa nje, na ibaki imeganda njia yote hadi maabara. Sababu ni hii: picha inakaa kwenye tabaka la jelatini. Ikiwa imeganda, haina shida. Ikiyeyuka, jelatini inavimba kwa maji, inagandamana na karatasi ya nyuma, na ndani ya siku chache ukungu unaanza kuila. Isipitishwe kwenye mashine ya eksirei ya uwanja wa ndege, kwa kuwa filamu hiyo imeshakaa miaka mia ikipigwa na mionzi ya anga za juu na haiwezi kuhimili mionzi zaidi. Filamu za enzi hizo zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu kinachooza na kuwaka moto, ila baridi imekuwa upande wetu. Usafishaji wake ni wa nyeusi na nyeupe, dawa yake inaweza kuchanganywa hata leo. Ingekuwa Kodachrome ya Hillary ndiyo iliyopotea tungekuwa na msiba mwingine, maana rangi zake hazimo ndani ya filamu, zinaingizwa wakati wa kusafisha kwa dawa tatu tofauti, na maabara ya mwisho duniani iliacha kupokea filamu hizo tarehe 30 Desemba 2010.

Matumaini si ya bure. Mswidi Salomon August Andrée na wenzake wawili walipotea kwenye barafu za Aktiki mwaka 1897 baada ya puto lao kuanguka. Mabaki yao na filamu zao vilipatikana 1930 kwenye kisiwa cha Kvitøya. Fundi John Hertzberg alisafisha filamu hizo zilizokaa barafuni miaka 33, na kati ya picha kama 240 akaokoa 93. Lakini hata kamera ya Mallory ikitoa picha nzuri, tutarudi kwenye swali lilelile la pembeni: je, kuna ukingo unaotambulika, kuna upande wa kusini unaoonekana? Picha ya mtu na anga haitatosha. Siku ile waliyopotea, John Noel, mpiga picha wa msafara wao, alikuwa na lenzi ndefu ya inchi 20 imeelekezwa juu kuwasubiri, na mawingu yakafunika.

Kwa toleo la marekebisho, Mhariri, msiikate picha pembeni, msilipaushe anga, na maelezo yasomeke hivi: Tenzing Norgay kwenye kilele cha Everest, 29 Mei 1953. Picha na Edmund Hillary.

Wenu,
Msomaji na msafishaji filamu